Mwanangu ataka kuniletea choo cha paka kinachojisafisha

Somo yangu, asalaam aleikum.

Nimekusoma siku nyingi ukituliza watu wa ndoa na mirathi, nami langu ni la paka. Usinicheke kabla hujalimaliza.

Mimi ni mjane wa miaka 58, niko Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe niliyoachiwa na marehemu. Chini kuna mpangaji. Juu niko mimi, mkaza mwanangu ambaye ana mimba ya miezi minne, na paka watatu: Simba, dume aliyehasiwa, na majike mawili, Zuhura na Pili. Ni paka wa hapa hapa, miguu mirefu na kichwa kidogo, wale ambao wageni huwapiga picha wakisema wamefanana na paka wa Misri ya kale. Zamani walikuwa wakishinda sokoni na gatini kwa vichwa vya samaki, magharibi wakarudi. Mwaka juzi Pili akapandwa na mkokoteni kichochoroni, mguu ukavunjika. Mganga wa mifugo akaniambia nikiweza niwazuie ndani. Nikawazuia. Na kwa kuwa vichwa vya samaki navyo siku hizi vina bei, nikawazoesha chakula kikavu, zile punje za mfuko zinazoletwa kutoka Mombasa.

Paka aliyezuiwa ndani lazima apatiwe pa kwenda. Nikachukua beseni la manjano la kufulia, nikatia mchanga, nikaliweka chini ya ngazi ya kupandia paani. Cha kuchotea ni upawa wa bati nilioutoboa matundu kwa msumari. Aliyekuwa akichota kila asubuhi ni mkaza mwanangu, hakuwahi kununa. Alipopata mimba, muuguzi wa kliniki akamkataza kugusa choo cha paka. Mimi magoti yangu hayapindi tena kama zamani, ngazi yenyewe ni ya kuinama. Kwa hiyo siku nyingine beseni linalala, siku nyingine linalala mbili. Joto la kaskazi likipanda, harufu inashuka mpaka kwa mpangaji.

Wiki tatu nyuma, tukila chakula cha usiku, mkaza mwanangu aliweka kijiko chini akasema: "Mama, ama paka ama mimi." Kisha akalia, akaniomba radhi. Mimi nilinyamaza.

Mwanangu yuko Doha kikazi. Alisikia kwangu, akasikia na kwa mkewe, kila mmoja kwa simu yake. Sasa ameniletea video ya kitu kama chungu kikubwa cheupe. Paka anaingia, anamaliza haja, anatoka. Baada ya dakika chache chungu kinajizungusha polepole, uchafu unaangukia kwenye droo chini, mchanga safi unarudi mahali pake. Bei ni riali 1,200, kama shilingi 42,000 za kwetu. Muuzaji amemwambia kuwa kinawafaa hasa paka wanaokula chakula kikavu, kwa sababu choo chao ni kigumu na hakigandi kwenye mashine.

Mimi moyo hautulii. Kwanza, chumba cha nyuma kina boriti mbili zilizoliwa na mchwa, na pesa hizo zingetosha fundi na boriti mpya. La pili, naogopa chungu kisije kikambana Simba, maana yeye haoni tundu asiingie. Umeme wetu nao unajua ulivyo. Jirani yangu anasema niwafungulie tu mlango, paka wa mui, yaani wa mji, ni wa mui. Na mwanangu anasema nikikataa mashine basi sitaki amani ya nyumba.

Nichague mashine ya namna gani, au nikatae? Nielekeze.

Mama wa Paka Watatu,
Mkomani, Lamu

*

Waaleikum salaam, dada yangu.

Nilicheka, sitakuficha, lakini ni pale pa upawa uliotobolewa kwa msumari, kwa sababu nami nimewahi kuwa nao. Mahali pengine pote sikucheka.

Nikikuelewa vizuri, kazi ndogo ya kila asubuhi ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe akapewa udhuru wa haki, na hakuna aliyekaa kuuliza ni nani sasa. Kazi ikabaki chini ya ngazi ikinuka. Kutoka hapo likatoka neno zito mezani, na kutoka kwenye neno hilo ikatoka mashine ya Doha. Umeniuliza habari za mashine nami nitakujibu, ila niruhusu nianze na hilo neno.

"Ama paka ama mimi." Una hakika alikuwa akiwasema paka? Ana mimba ya miezi minne, mume yuko ng'ambo, na kila mwenye kubeba mimba anajua pua inavyokuwa kali siku hizo. Harufu ambayo wewe umeizoea, kwake ni ya kutapisha. Ameambiwa beseni lina hatari, na kila akipita kwenda chumbani analiona limelala. Huenda alitaka paka watoke. Huenda pia alitaka kuona kama kuna mtu atainama kwa ajili yake. Mimi siwezi kujua nikiwa huku. Wewe unakaa naye.

Alichokatazwa na muuguzi kina msingi, na ni vizuri ukijue vilivyo. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma ambacho paka hukitoa kwenye choo chake, na mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto. Lakini paka hapati kijidudu hiki kwenye punje za mfuko, zilizopikwa kiwandani. Hukipata kwenye panya, ndege na nyama mbichi, na akishakipata hukitoa kwa wiki chache tu, aghalabu mara moja maishani. Paka wako wanaokula kikavu na kulala ndani si wa kuogopwa kama wale wa sokoni, ikiwa kweli hawapandi paani kuwinda usiku. Wewe unasema wako ndani. Ngazi yao ya choo inakwenda paani. Hebu angalia mlango wa juu.

Jambo la pili ndilo linaloigusa mashine. Mayai ya kijidudu hicho hayadhuru yakiwa yametoka sasa hivi. Yanahitaji siku 1 hadi 5 ndipo yakomae. Ndiyo maana beseni likichotwa kila siku hatari hupungua sana. Sasa mashine haiuondoi uchafu nyumbani. Inautoa mchangani na kuuweka kwenye droo, nayo droo inakaa siku tatu, nne, hata wiki, kisha mtu aiburute aimwage. Siku hiyo ya kumwaga mayai yamekwisha kukomaa. Nani atakayeimwaga? Kama jibu ni mkaza mwanao, basi tumemzungusha tukamrudisha palepale. Kama ni wewe, kuna glavu na sabuni, lakini kuna kuinama vilevile, japo mara chache zaidi.

Tuje kwa muuzaji. Amesema kweli nusu. Choo cha paka anayekula punje huwa kikavu na kigumu zaidi, hupita kwenye chekeche la mashine bila kulipaka, na paka mwenye kuharisha ndiye anayeichafua. Hiyo ndiyo nusu yake. Hakukuambia kwamba punje za bei ya chini, zilizojaa nafaka, humfanya paka atoe choo kingi, na droo ya paka watatu hujaa upesi kuliko ile ya kwenye video, ambayo nimeweka dau ina paka mmoja mnene aliyepigwa brashi.

Na hakukuambia habari ya mkojo, ambayo mimi ndiyo inayonitia wasiwasi. Samaki karibu robo tatu ni maji. Zile punje, katika kila gramu 100, maji ni kama gramu 10 tu. Asili ya paka ni nchi kame na kiu yake ni ndogo. Ukimpa chakula kikavu ataongeza kunywa, lakini hafikii kiasi alichokuwa akikipata ndani ya kichwa cha changu. Mkojo unakuwa mchache na mkali, ndiyo maana unafika kwa mpangaji. Kwa paka dume ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, unaweza kuziba kabisa kwa chembechembe au ute. Dume aliyeziba anaingia chooni na kutoka, anaingia na kutoka, anachuchumaa hapati hata tone, analia, anajilamba chini. Huyo ana siku moja, mbili zikizidi, na asipotibiwa hufa. Watu wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta.

Mkaza mwanao, kila asubuhi na upawa wake, alikuwa akiyaona haya bila kujua. Mahali palipolowa mchangani ni pangapi leo, jana palikuwa pangapi, choo hiki kina damu, huyu hajaenda. Mashine inaondoa hicho ambacho jicho lingekiona. Zipo za bei kubwa zenye mizani ndani. Humpima kila paka anayeingia, huhesabu amekwenda mara ngapi, na kupeleka hesabu kwenye simu kwa intaneti. Ni kitu kizuri. Lakini simu ya nani? Ikiwa ni ya mwanao, basi Doha ndiko kutakakojulikana saa nane usiku kwamba Simba ameingia chooni mara tisa, nawe umelala ukuta wa pili.

Ukiamua kuipokea, usiipokee kwa video. Mwambie mwanao aende dukani iwashwe mbele yake. Chungu kikiwa kinazunguka, atie shuka iliyokunjwa kwenye mlango wake: inatakiwa kisimame papo hapo na kurudi nyuma. Zipo za bei rahisi zisizofanya hivyo, na paka wamebanwa ndani yake hadi kufa, kwa hiyo hofu yako juu ya Simba si ya kizee. Zinazozunguka huku mlango wao ukibaki wazi nje ni salama kuliko zile ambazo mlango wake unageukia ndani ya kibweta na kuacha mwanya. Aulize inamtambua paka wa kilo ngapi kwenda juu. Paka wetu ni wembamba, na wengi wao hawafiki hata kilo nne. Baadhi ya mashine hazimwoni aliye chini ya kilo moja na nusu, jambo ambalo halitawahusu watatu hao, ila watakapoletewa kitoto cha paka mlangoni, nawe najua hutakikataa. Apime pia kimo cha mlango kutoka sakafuni. Vyungu hivi mlango wake uko juu, paka huruka kuingia. Simba na Zuhura wataruka. Pili na mguu wake je?

Umeme wa Doha ni volti 240 kama wetu, na plagi ile ya miguu mitatu bapa ni moja, kwa hiyo hapo hapana tatizo. Tatizo ni ukikatika chungu kikiwa kimepinduka nusu. Mlango unakuwa haupo, paka ana haja, na godoro liko karibu. Kwa hiyo beseni la manjano halitoki hata mashine ikija. Kwa kweli waganga wa wanyama hushauri vyoo vizidi idadi ya paka kwa kimoja, yaani kwenu vinne; sijui nyumba ya Mkomani yenye nafasi hiyo, lakini kimoja kwa watatu ni kichache hata kikiwa cha mashine.

Na mchanga. Hili wengi hawaulizi mpaka mzigo umefika. Mchanga wa pwani hauufai huo mtambo. Mkojo unapenya mpaka chini, haugandi, na chekeche halina cha kushika. Unatakiwa udongo maalumu wa bentonaiti, unaoganda ukilowa, na paka watatu wanaweza kumaliza kilo 10 na zaidi kwa mwezi. Utoke Mombasa, ushuke Mokowe, uvuke kwa boti, upande punda au hamali mpaka mlangoni kwako, kila mwezi. Kwa unyevu wa kisiwani gunia likiachwa wazi linaanza kushikana kabla paka hajalikaribia. Na ukishatumika usimwagwe chooni kabisa, hugeuka saruji ndani ya karo. Mwulize mwanao kama riali zake zimehesabu hayo, au zimehesabu chungu peke yake.

Nimesema mengi ya kuikosoa, nisije nikaonekana naichukia. Kwa mtu asiyeweza kuinama, mwenye paka wazima, umeme wa kutegemewa na mtu wa kumwaga droo kila baada ya siku mbili, inampunguzia taabu kweli. Mjamzito atapata nyumba isiyonuka, na hilo si dogo kwake. Na mtoto aliye mbali hana mengi anayoweza kufanya kwa mikono yake. Hawezi kuja kuchota. Anachoweza ni kutuma. Ukimkatalia, nadhani ataona umeikataa mikono, hata kama wewe umekataa chungu tu. Fikiri utamwambiaje, zaidi ya unavyofikiri utamwambia nini.

Kuna njia za chini chini ambazo hukuzitaja. Beseni linaweza kutoka chini ya ngazi likapandishwa juu ya jukwaa la mbao la kimo cha kiuno, na kibao cha mteremko kwa ajili ya Pili. Seremala yeyote wa Langoni anakupigia kwa siku moja. Upawa ukatiwa mpini mrefu. Au kijana wa jirani akaja kila siku baada ya chuo kwa ujira mdogo, ingawa vijana huja wiki mbili kisha wakaanza kuumwa. Mashine ya namna hii inaharibika kwa uvivu, lakini haina nyaya za kuliwa na chumvi ya bahari.

Lolote utakalochagua, anza leo na maji. Bakuli tatu, mbali na chakula na mbali na choo, ubadilishe asubuhi na jioni. Punje ziloweke kwa maji ya vuguvugu au mchuzi wa kichwa cha samaki usio na chumvi wala kitunguu, kitunguu ni sumu kwa paka, na kilichobaki kwa joto hili kiondoe upesi. Mara mbili kwa wiki wape kichwa chenyewe kilichochemshwa. Na Simba ukimwona anachuchumaa hatoi kitu, usiningoje mimi wala gazeti. Mbebe uende kliniki ya wanyama saa hiyohiyo.

Jirani yako na mui wake: ana haki kwa kiasi fulani. Paka wa Lamu wameishi vichochoroni vizazi na vizazi. Lakini hawa wako wamekaa ndani miaka miwili, Pili ana kilema, na aliyeshinda nje ataleta panya, na panya anakurudisha kwenye ile toksoplazma tuliyotaka kuikimbia. Wapo wanaofungua mlango mchana na kufunga usiku. Itategemea kichochoro chako na mikokoteni yake. Wengine watakuambia habari za najisi. Sheria imemtoa paka kwenye unajisi, kwa hadithi ya Abu Qatada, kwamba yeye ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Mavi yake haikuyatoa. Kwa hiyo hata masheikh watakurudisha kwenye upawa.

Nimebakisha mambo mawili ambayo barua yako imeyapita haraka. Mkaza mwanao alilia akakuomba radhi, nawe ulinyamaza. Ni wiki tatu. Umekwisha kumjibu? Nauliza kwa sababu simu mbili zimekwenda Doha tangu siku hiyo, na kati ya chumba chako na chake, kwa jinsi ninavyozijua nyumba zetu, haipungui wala haizidi hatua kumi.

La pili ni zile boriti. Umeandika ziko chumba cha nyuma. Chumba hicho analala nani sasa, na mtoto akizaliwa atalazwa wapi? Niandikie unijibu hilo, pamoja na kimo cha ngazi.

Wako,
Somo